Nirudi Dar kuigiza, au nibaki na dagaa wa mama?

BARUA

Shikamoo Mama,

Nina miaka 28, mzaliwa wa Ujiji, na nina mtoto mmoja wa kike anayesoma darasa la kwanza. Mimi na mama tunafanya biashara ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Tunanunua alfajiri mitumbwi ikirudi, tunaanika, tunafunga magunia, tunapakia kwa wateja wa Tabora na Dar. Mbalamwezi ikiingia wavuvi hawaendi ziwani, na sisi tunakaa. Ndiyo maisha niliyokulia.

Lakini moyo wangu uko kwenye kuigiza. Nilipomaliza kidato cha nne nilijiunga na kikundi cha sanaa hapa mjini. Tulizunguka vijiji vya kando ya ziwa na maigizo ya kipindupindu na mimba za utotoni. Jukwaa letu lilikuwa mkeka na ngoma mbili. Watu wanajaa mpaka watoto wanakaa juu ya mitumbwi iliyofunikwa. Nikiwa pale nilikuwa sikumbuki hata njaa.

Mwaka 2022 nilikwenda Dar, nikakaa kwa rafiki yangu Mbagala miezi minne. Nilifanya usaili mara tano. Mwisho nikapata nafasi kwenye tamthilia, jirani mmbea wa stelingi. Nilicheza sini tisa, nikalipwa sita. Hizo tatu mpaka leo naambiwa mhasibu anashughulikia. Halafu siku moja nikapigiwa simu kwamba yule jirani amehamia Mwanza. Mama, nikauliza, "Amehamia lini?" Wakacheka. Ndivyo nilivyotolewa. Nikarudi nyumbani na deni la laki saba, mama akanilipia bila kusema neno.

Kibaya zaidi ni kwamba watu waliniona kwenye hiyo tamthilia. Hadi leo nikiwa naanika, vijana wanapita wakiniita jina la yule jirani, wananiuliza kama nimeshatoka Mwanza. Mmoja alinipiga picha nimeshika ungo, akaiweka mtandaoni na maneno kwamba staa ananuka dagaa. Nilizima simu siku tatu.

Wiki mbili zilizopita prodyuza mwingine amenipigia. Namba yangu alipewa na mshika kamera wa ile tamthilia. Ana kazi mpya, nafasi yangu ni binti wa pili wa familia, anaonekana karibu kila kipande. Kushuti ni miezi mitatu. Malipo ni elfu hamsini kwa siku, mwisho wa mwezi. Nimepiga hesabu ni milioni nne na nusu. Malazi najitegemea. Nilipouliza mkataba akasema, "Utaukuta huku, wewe njoo." Msaidizi wake naye akanitumia ujumbe wa sauti kunielekeza, akamalizia, "Njoo na akili ya kikubwa, Dar si Kigoma." Nimeusikiliza mara nyingi, sipendi unavyosikika.

Nilipomweleza mama aliendelea kuchagua dagaa. Baadaye akasema, "Ukienda nenda, lakini mtaji usiuguse." Mtaji ni milioni moja na laki sita, na nusu yake ni jasho langu. Kaka yangu anasema niende kwanza Bagamoyo nikasome sanaa. Nikimaliza nitakuwa nimefika miaka thelathini na kitu, nani atanitaka? Mwenzangu wa kikundi anasema bahati ya hivi haiji mara mbili. Na yule dairekta wa kwanza aliniambia nipunguze Kiha mdomoni, nikaona labda hii kazi si ya watu wa huku. Natakiwa nijibu kabla mwezi haujaisha. Nifanyeje?

Mwenye Ungo, Kigoma

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole na jua la mwaloni.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Mstari wa kwanza niliupigia neno ungo. Kwa ninavyokuelewa, una nafasi ya kazi yenye sura nzuri na maelezo pungufu, una mama ambaye kauli yake umeisikia kama mlango umebamizwa, una mtoto, na una kaka na mwenzio wa kikundi, kila mmoja akikuvutia kwake. Chini ya hayo yote kuna kijana mmoja na simu yake. Nikuulize, na usiharakishe kunijibu: kama picha ile isingepigwa, simu ya prodyuza ingekuwasha kiasi hiki? Inawezekana ingekuwasha vilevile, maana uliposimulia mkeka na ngoma mbili uliandika vizuri kuliko mahali pengine popote. Ila mtu akienda Dar kumkomesha kijana wa mwaloni huvumilia mambo ambayo aliyefuata kazi asingeyavumilia.

Sasa hesabu. Milioni nne na nusu umeipata kwa kuzidisha elfu hamsini mara siku tisini. Lakini siku ya mwigizaji ni ile anayoitwa lokesheni. Hebu kumbuka, zile sini tisa za 2022 zilichukua siku ngapi ndani ya miezi minne? Mtayarishaji anayejua kazi hukusanya sini zote za nyumba moja akazipiga kwa pamoja, hata kama kwenye hadithi zimepishana mwaka mzima, kwa sababu nyumba inakodiwa, taa zinakodiwa, na watu ishirini wanataka kula. Kwa hiyo binti wa pili anaweza kuonekana kila kipande huku yeye mwenyewe akiitwa siku nane tu kwa mwezi. Tuseme ni nane. Kwa miezi mitatu ni siku ishirini na nne, yaani milioni moja na laki mbili. Toa chumba, na wenye nyumba wa Dar unawajua, kodi wanaitaka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Toa daladala, chakula, simu, na nguo za mhusika kama hawatoi. Mshahara wa kwanza unakuja baada ya siku thelathini, na hizo siku thelathini utakula nini bila kugusa mtaji? Sisemi ndivyo itakavyokuwa. Namba ya kweli anayo prodyuza: muulize una siku ngapi za kushuti na zimepangwaje. Kama hajui, basi skripti bado iko kichwani mwake, na malipo yako yako hukohuko.

"Utaukuta huku" ni maneno ninayoyafahamu. Kabla ya kukaa kwenye kiti hiki nilicheza jukwaani miaka kumi na moja, na mara moja nilisafiri siku mbili kuufuata mkataba wa namna hiyo. Niliyoikuta ni karatasi moja, ya kusaini. Leo mkataba unapigwa picha na kutumwa kwa simu kabla chai haijapoa. Uombe, uusome kabla ya kukata tiketi, na umsomee mtu mwingine kwa sauti. Angalia idadi ya siku na tarehe ya malipo. Angalia nani anakurudisha kwako mnapomaliza saa sita usiku, na unalipwa nini mhusika wako naye akihamishiwa Mwanza. Angalia pia kama wanaweza kuiuza tamthilia kwa kituo kingine na wewe usipate kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji kama wewe, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa shughuli hiyo. Tena muulize kuhusu kibali cha Bodi ya Filamu. Sheria ya kutaka kibali ipo tangu 1976, kwa hiyo hujamtukana mtu. Aliyenacho atakuonyesha kama konda anavyotoa tiketi. Ukiona karatasi zinakuchanganya, mpelekee afisa utamaduni wa Manispaa.

Zile sini tatu usiziache zioze. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, kinachosumbua ni ushahidi. Tafuta jumbe za zamani, kumbukumbu ya malipo ya zile sita kwenye simu, na tarehe ulizoitwa. Andika ujumbe mmoja wa heshima wenye namba hizo. Huenda wasilipe, lakini utakuwa umejizoeza kudai kwa maandishi.

Kuhusu "akili ya kikubwa", yawezekana msaidizi alimaanisha foleni na wezi wa simu. Yawezekana. Wewe ndiye uliyeisikia sauti yake, na umeniambia hukuipenda. Mtu akitoa neno lenye sura mbili, njia mojawapo ni kumwachia alifafanue mwenyewe, kwa maandishi: "Kaka, hapo kwenye akili ya kikubwa sijaelewa, ina maana gani kwenye kazi hii?" Ujumbe wake utunze. Kudai mwili ili mtu apate kazi ni rushwa, imeandikwa kwenye sheria ya 2007 ya kuzuia rushwa, na TAKUKURU wanapokea simu kwa namba 113 bila malipo. Sitakuficha: wapo wasichana waliouliza swali hilo na simu ikakatika hapohapo, nafasi ikaenda kwa mwingine. Hasara hiyo inauma, hasa kwa mtu aliyeingoja nafasi miaka. Ipime dhidi ya hasara ya kuligundua jibu ukiwa kwenye geto la watu saa tano usiku, nauli ya kurudi huna.

Nikuambie kitu ambacho wewe unakijua kuliko mimi. Hakuna mvuvi wa dagaa Kibirizi anayelia mbalamwezi ikitoka. Anajua mwanga wa mwezi unazishinda taa zake, dagaa hawakusanyiki, basi anarudi kushona nyavu, kuziba mtumbwi, kulipa madeni na kukopa mengine. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, wewe na mama mliishi. Vipi, hukueleza, ila mliishi. Kuigiza nako kuna giza na mbalamwezi, na waigizaji wengi niliowaona wakipotea hawakukosa kipaji. Waliichukua miezi ya kukaa kama hukumu juu yao, wakauza kila walichonacho ili waonekane bado wako kazini. Wewe umeandika kuhusu Mwanza kama mtu aliyefeli. Mimi naona mhusika mdogo aliyekatwa, kama wanavyokatwa kila msimu bajeti ikibana, na naona mshika kamera ambaye muda wote huo alitunza namba yako. Huyo ndiye aliyekuletea hii simu. Kwa nini alikukumbuka? Labda uliwahi kufika, labda ulikariri maneno yako, labda ulikumbuka kilemba ulifunga upande gani kwenye sini iliyopita hata mtunza mavazi akasahau. Mpigie umuulize. Muulize na huyu prodyuza analipaje. Washika kamera hujua nani halipi, maana nao wanadai.

Mama yako sasa. Umemsikia akisema usiende. Nimetafuta neno hilo kwenye barua sijaliona. Amesema ukienda nenda, na mtaji ubaki. Kuna mzazi wa kukataza, na kuna mzazi anayekuambia kwa lugha ya biashara kwamba safari hii kukianguka kitu, kisianguke na jiko la mjukuu wake. Inawezekana nakosea, mimi simjui. Lakini hujamweleza mpango, umemweleza tamaa. Nusu ya mtaji ni jasho lako, ni kweli, na ipo siku mtalazimika kukaa kuitenganisha kwa daftari. Je, siku hiyo iwe ya kuondoka, roho zikiwa juu?

Swali la Dar haliniachi. Mwigizaji Steven Kanumba alitoka Shinyanga, na ni jijini, katika kundi la maigizo la Kaole, ndiko jina lake lilikokua. Kwa hiyo siwezi kukuambia jiji halina kitu, kamera nyingi ziko kule. Mchekeshaji King Majuto naye alibaki mtu wa Tanga mpaka alipofariki 2018, na kazi zikamfuata. Ila hata yeye, kwa jina kubwa namna ile, mwaka huohuo akiwa mgonjwa habari za mikataba yake zilifika mpaka wizarani. Mahali pa kuishi pana uzito wake, na karatasi ina uzito wake.

Ukibaki, kubaki kwenyewe kuna sura nyingi. Unaweza kubaki umenuna, kila tamthilia ikianza unazima televisheni, na hiyo ni hatari ya kweli, inakula mtu miaka kumi bila yeye kujua. Unaweza kubaki na kurudi kwenye kikundi, mkaandika igizo fupi la hapohapo mwaloni na kulirekodi. Simu nzuri ya kuazima inatosha kwa kuanzia: ilaze kwa ubavu, simama uso ukitazama dirisha, ukuta mtupu nyuma yako, mwenzako akusomee maneno ya mhusika wa pili akiwa kando ya simu. Taja jina, umri, urefu, unakoishi na lugha unazozungumza. Dakika mbili za hivyo, bila vipodozi vingi na bila muziki, zinaweza kufika kwa dairekta kabla hujapanda basi. Redio nazo zinahitaji sauti za matangazo na michezo mifupi, na zile tamthilia za Kituruki na Kichina zinazosema Kiswahili zinasemwa na Watanzania wenzako, ingawa kazi hiyo nayo kwa kiasi kikubwa iko Dar. Kuhusu Kiha, yule dairekta alikuwa na haki kwa mhusika wake: jirani wa mtaa wa Dar asikike wa Dar. Hilo ni zoezi, la kila siku, unasoma gazeti kwa sauti na kujisikiliza. Ukilimudu utakuwa na midomo miwili, wakati aliyezaliwa Kinondoni ana mmoja.

Bagamoyo kaka yako hakuitaja ovyo. Chuo cha sanaa pale kipo tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, na anayetoka pale huwa amefunzwa mwili, sauti, ngoma na jukwaa, siyo kamera tu. Wana kozi ndefu na fupi, waandikie waulize ada, sifa na muda kabla ya kukaa kuhesabu miaka. Nani atakutaka ukiwa na thelathini na moja? Tamthilia zetu zimejaa mama wakwe, mashangazi, mabosi na wake wakubwa. Mabinti wa pili wanapatikana kwa wingi kila usaili, mwanamke mzima anayeweza kulia bila kukunja uso ni adimu. Ada ndiyo hatari yake, na mtoto, na ukweli kwamba cheti peke yake hakimpi mtu nafasi.

Na ukienda? Unaweza kwenda kwa masharti. Waulize kama sini zako zinaweza kupangwa kwa mafungu, uende kwa wiki mbili, urudi. Wengine watakataa, wengine itawafaa kwa sababu ndivyo wanavyoshuti. Omba nauli na nusu ya malipo ya mwezi wa kwanza mbele. Kubaliana na rafiki wa Mbagala kuhusu kodi kwa namba, maana urafiki mwingi umevunjika juu ya unga na umeme. Weka nauli ya kurudi kwa mtu asiyekuonea huruma. Na umwambie mwanao tarehe, hata kama itasogea. Mtoto wa darasa la kwanza anahesabu siku kuliko unavyofikiri.

Picha ya ungo sijaisahau. Sitakuambia upuuze, nimeshazomewa najua. Nina wazo moja tu, ulichukue au uliache: siku ukitaka kujirekodi, jirekodi pale pale kwenye vichanja, ungo mkononi, ukiwa mhusika. Kuna dairekta anayetafuta uso wa namna hiyo na hajui pa kuupata.

Nitafurahi ukiniandikia prodyuza akijibu, hata kama jibu lenyewe ni kimya. Kabla ya hapo, siku mama amekaa vizuri, labda hii mbalamwezi inayokuja, muulize ile laki saba aliyokulipia deni aliitoa wapi. Hukuniandikia, na nadhani hujui.